Jumamosi Tatu za Polisi wa Arusha

Alhamisi na Jumapili ni siku za gulio Ngaramtoni. Kabla jua halijapanda juu ya Mlima Meru, wanawake wa Kiarusha wameshateremka na mikungu ya ndizi, maharage na madumu ya maziwa. Vifodi, daladala zetu ndogo, vinavyotoka Kilombero mjini vinashusha abiria nusu ya barabara, na vijana wa toyo, yaani bodaboda, wamejipanga kama askari wa gwaride lisilo na kamanda. Katikati ya zogo hilo husimama askari wa usalama barabarani, sare nyeupe, mkono mmoja juu. Upande mmoja ni barabara ya kwenda Namanga na Nairobi, na upande mwingine ni barabara ya mchepuko inayozunguka jiji hadi Usa River, kilomita 42.4. Malori ya nchi tatu au nne humtazama yeye kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Historia ya polisi kwa kawaida huandikwa kwa majina ya waliokalia kiti. Fulani aliteuliwa, fulani akahamishwa, fulani akastaafu kwa heshima. Nami nitayataja majina hayo, maana bila majina hakuna kumbukumbu. Lakini nikitafuta mwaka ambao taasisi hii ilibadilika mbele ya macho ya watu wa Arusha na Arumeru, siuoni katika orodha ya uteuzi. Nauona katika muda usiotimia miezi kumi na miwili, ulioanza Jumamosi moja ya Mei 2017 na kuishia Jumamosi nyingine ya Aprili 2018. Jumamosi ya tatu ilikuja baadaye, na hiyo ilitukuta hapa hapa Ngaramtoni.

Kwanza tulikotoka. Askari wa kwanza wa dola katika nchi hii ya Meru walikuwa wa Boma la Wajerumani, jengo lililokamilika mwaka 1900 kwa jasho la Waarusha na Wameru walioshindwa vita na kulazimishwa kubeba mawe. Boma hilo bado lipo mjini, siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule huingia humo kutazama wanyama. Waingereza walifika mwaka 1916. Tarehe 25 Agosti 1919 jeshi la polisi la Tanganyika likaundwa rasmi, makao yake makuu yakiwa Lushoto, kwenye baridi kama yetu, hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1930.

Kwa wazee wa Arumeru, hata hivyo, kumbukumbu ya polisi wa mkoloni haina tarehe ya kuundwa. Ina tarehe ya kufukuzwa. Novemba 1951 polisi walikwenda Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, wakawatoa Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ili ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Kirilo Japhet alisafiri mwaka uliofuata hadi New York kuupeleka mgogoro huo Umoja wa Mataifa. Shauri halikurudisha ardhi mara moja, lakini liliiamsha Tanganyika nzima. Ndiyo maana, hadi miaka mingi baada ya Uhuru, mzee wa huku akiona gari la polisi linapanda kijijini, swali lake la kwanza lilikuwa: wanakuja kumtoa nani?

Elangwa Shaidi, mwananchi wa kwanza kuliongoza jeshi la polisi, alikabiliwa na mtihani mapema. Januari 1964, mara baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, Tanganyika ilipeleka visiwani askari polisi wapatao 300 kusaidia kutuliza hali. Siku chache tu baadaye wanajeshi wa kambi ya Colito wakaasi, na Dar es Salaam ikajikuta na polisi pungufu. Baada ya Muungano, Aprili mwaka huo, polisi wa pande mbili wakawa jeshi moja. Shaidi alifuatwa na Hamza Aziz, ndugu wa Dossa Aziz aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Familia moja ikamtoa mtu wa harakati na mtu wa dola. Wakafuata Pundugu, Mgaya, Liani, na Harun Mahundi aliyekaa zaidi ya miaka kumi. Miaka ya viongozi hao, kabla ya Mahundi, ina doa ambalo halifutiki kwa gwaride: watuhumiwa walioteswa hadi kufa Mwanza na Shinyanga katika operesheni ya kusaka wauaji wa vikongwe. Kwa sababu yake Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu Januari 1977, ingawa mkono wake haukumgusa mtu. Wenzake wengine nao waliachia ngazi.

Omari Mahita alishika uongozi mwaka 1996. Mwaka 2006 alimpisha Said Mwema, aliyetokea ofisi ya kanda ya Interpol jijini Nairobi. Mwema ndiye aliyelileta jeshi katika lugha nyingine. Polisi Jamii. Utii wa sheria bila shuruti. Maneno yale yalichekwa kwenye vijiwe, kwa kuwa mwaka huo huo, Januari, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa mikononi mwa polisi Dar es Salaam. Lakini kucheka hakukuzuia kitu kimoja kukua. Mwaka 2007 askari wanawake waliunda mtandao wao, TPF-NET, na kutoka kwenye juhudi hizo yakaota Madawati ya Jinsia na Watoto, ambayo leo ni zaidi ya 400 nchini. Kwetu Arusha dawati hilo si pambo la ofisi. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 41 kati ya kila 100 mkoani Arusha walikuwa wamekeketwa, wakati Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 imeshakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Shule zikifungwa Desemba, ndipo kazi ya dawati inapoanza kuwa nzito. Askari wa kike anayeketi na binti wa miaka kumi na mbili, mlango umefungwa, bila meza kati yao, anafanya kazi ambayo haitapigwa picha gazetini.

Kiti cha Kamanda wa Mkoa wa Arusha, RPC, hakijawahi kuwa cha kupumzikia. Thobias Andengenye alikikalia Januari 2011, maandamano ya CHADEMA mjini yalipoishia kwa risasi na watu watatu wakapoteza maisha. Liberatus Sabas alikuwepo Mei 2013, bomu liliporushwa kanisani Olasiti siku ya uzinduzi wa parokia, na mwezi uliofuata bomu jingine likalipuka kwenye mkutano wa hadhara viwanja vya Soweto. Mwaka uliofuata mabomu yakasikika tena, baa na kwenye mgahawa. Kwa miezi kadhaa mji wa watalii ulilala mapema. Mtu anayesoma wasifu wa makamanda hao ataona jambo la kustaajabisha: wengi wamepanda ngazi. Andengenye akawa Kamishna Jenerali wa Zimamoto na Uokoaji, kisha Mkuu wa Mkoa wa Kigoma. Sabas akawa Kamishna wa Operesheni na Mafunzo. Ama Arusha inakomaza watu, ama inawachosha kiasi kwamba serikali huwapa zawadi ya kuondoka. Kila mtu na jibu lake.

Sasa tuingie mwaka wenyewe.

Jumamosi, 6 Mei 2017, asubuhi yenye mvua, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia kwenye korongo la Marera, Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema na shule nyingine. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu waliookolewa walipelekwa Marekani kutibiwa. RPC alikuwa Charles Mkumbo. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akaongoza kuaga.

Nimeshawahi kusikia askari wakizungumza juu ya kazi ya kuopoa miili, si ya siku ile tu, na ninachokumbuka ni kwamba hawazungumzi sana. Wanataja kamba, tope, matofali ya kuzuia magurudumu. Wanataja viatu. Katika historia za taasisi sura kama hii huitwa changamoto. Mimi naiita kazi, kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye daftari la zamu: muda, mahali, idadi, sahihi.

Jeshi zima lilikuwa na majeraha wakati huo. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa kuviziwa Mkengeni, Kibiti. Tarehe 28 Mei, wiki tatu baada ya Rhotia, Rais John Magufuli alimwondoa Ernest Mangu kwenye nafasi ya Mkuu wa Jeshi la Polisi, nafasi aliyoishika tangu mwisho wa 2013, na kumteua Simon Sirro aliyekuwa Kamanda wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam. Mangu baadaye akawa balozi Rwanda. Miaka mitano mbele Sirro naye angekuwa balozi, Zimbabwe. Inaelekea nchi hii inaamini kwamba aliyeshika pingu muda mrefu anajua pia kushika kikombe cha chai ya kidiplomasia.

Kwa askari wa kawaida wa Arusha, mabadiliko ya juu yalikuwa habari ya redio hadi Septemba, moto ulipozuka kwenye nyumba za polisi mjini. Familia zilitoka na zilichovaa. Kota za polisi, kila aliyekulia humo anajua, ni ulimwengu wake: kuta zinazogusana, jiko la mkaa mlangoni, waya za umeme zilizoongezwa na fundi wa mtaani, watoto wa sajini na wa konstebo wakicheza mpira mmoja. Moto ukianza chumba cha mwisho, haubishi hodi kwenye kinachofuata. Wananchi waliokuwa wamezoea kuwaona askari wakiwa juu ya defenda sasa waliwaona wamekaa nje na magodoro yaliyolowa maji. Picha hiyo, nadhani, ilifanya kazi ambayo kaulimbiu za miaka kumi hazikuifanya. Waliokuja kusaidia hawakuwa wakubwa tu. Wafanyabiashara nao walikuja, na majirani.

Serikali ilitoa fedha, wadau wakachangia, mkoa uliokuwa chini ya Mkuu wa Mkoa Mrisho Gambo ukasimamia ujenzi, na nyumba mpya zikainuka upesi kuliko ilivyozoeleka kwa majengo ya umma. Jumamosi, 7 Aprili 2018, Rais Magufuli alizizindua. Siku hiyo hiyo alizindua Kituo cha Polisi cha Utalii na Diplomasia.

Kituo hicho kinahitaji maelezo, maana ndicho kinachoitofautisha Arusha na mikoa mingine. Mgeni anayeibiwa simu hawezi kusubiri kesi miezi sita. Ndege yake ni keshokutwa. Zamani angefika kaunta ya kituo kikuu, akapanga foleni na waliogombania kuku, akapewa namba ya taarifa, RB, akaondoka na hadithi mbaya. Kuwa na askari waliofunzwa lugha na mambo ya wageni, wenye mahali pao pa kufanyia kazi, ni kukubali kwamba uchumi wa mkoa unasimama juu ya usalama wa mtu asiyejua hata jina la mtaa alipo. Tena Arusha ina wageni wa aina nyingine. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa. Kwa miaka ishirini mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa kwenye kituo cha mikutano cha AICC, na warithi wake walihamia Lakilaki mwaka 2016. Polisi wa mkoa huu amelinda majaji, mashahidi na watuhumiwa wa dunia, kisha jioni akarudi kwenye chumba kimoja cha kota.

Ndiyo maana nasema nyumba na kituo vilistahili kuzinduliwa siku moja. Bila kusudi, labda, vilikaa pamoja kama pande mbili za hesabu moja.

Mwaka 2018 haukwisha kabla kiti cha RPC hakijapata mtu mpya: Ramadhan Ng'anzi, ambaye baadaye aliongoza Kikosi cha Usalama Barabarani nchini. Akafuata Jonathan Shana. Mwaka 2020 akaja Salum Hamduni, na Mei 2021 Rais Samia akamteua kuongoza TAKUKURU. Justine Masejo akapokea mkoa mwaka huo. Kwa hiyo ndani ya miaka minne hivi, kuanzia Mkumbo hadi Masejo, watu watano walikalia kiti hicho. Wafanyabiashara wa gulioni hawakuwa na haja ya kuwakariri. Kwao serikali ina uso wa mkuu wa polisi wa wilaya, OCD wa Arumeru, mkuu wa kituo, na siku hizi mkaguzi wa kata.

Huyu wa mwisho ndiye jambo jipya. Julai 2022 Camillus Wambura alipochukua nafasi ya Sirro, mpango wa kupeleka mkaguzi wa polisi katika kila kata ulipata msukumo wa kweli. Si jambo lililozuka hewani. Mbegu ilikuwa ile Polisi Jamii ya Mwema. Tofauti ni kwamba sasa mtu mwenye nyota begani hukaa kwenye vikao vya mtaa. Katika nchi ya Waarusha ana wenzake wa zamani. Laigwanani, kiongozi wa mila, na wazee wa rika wamekuwa wakimaliza kesi za ng'ombe na mipaka tangu kabla ya Boma, na mkaguzi mwerevu hawapiti pembeni. Kuna mambo ambayo wazee huyamaliza vizuri kuliko mahakama, na kuna mambo ambayo hawapaswi kuachiwa kuyamaliza, la binti aliyekeketwa likiwa la kwanza. Kujua lipi ni lipi hakufundishwi kwenye paredi ya shule ya polisi Moshi.

Jumamosi ya tatu, 24 Februari 2024, jioni. Lori lililokuwa likiteremka lilishindwa kufunga breki na kuyavaa magari madogo matatu hapa Kibaoni, Ngaramtoni, karibu na makutano ya mchepuko. Watu 25 walikufa. Walikuwemo Watanzania na wageni wa mataifa kadhaa, kati yao wamisionari vijana waliokuja Arusha kwa mafunzo. Masejo ndiye aliyesimama kutoa taarifa kwa taifa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya gulio.

Barabara hii ilijengwa ili kuokoa. Mradi uliopanua Sakina hadi Tengeru kuwa njia nne, kilomita 14.1, na kuongeza mchepuko, ulikusudia kuyatoa malori katikati ya jiji. Uliyatoa, ukayaleta kwetu. Mteremko, gulio, toyo, shule na lori la tani thelathini vinakutana mahali pamoja, na aliyewekwa kuvipatanisha ni mtu mmoja mwenye filimbi. Baada ya ajali, ukaguzi wa magari makubwa ulikazwa, madereva wakaulizwa habari za breki kabla ya leseni. Kwa mtu wa usalama barabarani mafanikio ni kitu kigumu kukipigia picha: ni gari lililorudishwa nyuma, dereva aliyetukana kwa kucheleweshwa, na siku iliyopita bila habari.

Miezi saba baadaye, Septemba 2024, jeshi liliadhimisha miaka 60 katika shule yake ya Moshi, nyumba ambayo karibu kila askari wa nchi hii ameipitia kwa jasho. Miaka 60 huhesabiwa tangu Muungano. Ukihesabu tangu 1919 ni 105, na ukihesabu tangu Boma letu ni zaidi. Kila taasisi ina haki ya kuchagua siku yake ya kuzaliwa, ingawa mtoto akichagua siku hiyo mwenyewe, kwa kawaida huruka miaka anayoona haya kuieleza. Sherehe zenyewe hazikuwa za ngoma tu. Nchi ilikuwa bado inauliza juu ya kutekwa na kuuawa kwa Ali Kibao, mwanasiasa wa CHADEMA, mapema mwezi huo, na Rais Samia alilizungumzia jambo hilo mbele ya makamanda waliokusanyika tarehe 17. Mwaka mmoja kabla, Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikuwa imeshamkabidhi ripoti yenye mapendekezo mazito juu ya jeshi hilo. Kwa hiyo keki ilikatwa na maswali yakiwa mezani, jambo ambalo naona ni afadhali kuliko keki peke yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Makamanda walirudi mikoani mwao, wengine wakipitia Usa River. Alhamisi yake Ngaramtoni ilikuwa na gulio. Malori yaliteremka kutoka Namanga kama kawaida, na pale Kibaoni askari alikuwa ameshainua mkono.